Juzuu ya Nne kwenye Rafu ya Kuku

Katika nchi ya Bayana hakuna siri. Hilo lisemwe mapema, msomaji asije akadhani hapa anasengenywa mtu. Serikali yenyewe ndiyo inayolisema kila asubuhi redioni, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya bei ya ng'ombe.

Sheria ya Uwazi ya Bayana ni fupi na inapendeza masikioni. Kila mwananchi ana haki ya kuusoma waraka wowote wa serikali, ikiwemo bajeti yote, mstari kwa mstari, hadi sindano ya mwisho ya zahanati ya mwisho. Ili mwananchi asihangaike, nyaraka zote zimewekwa mahali pamoja: maktaba ya Chuo Kikuu, ghorofa ya tatu, chumba namba 309. Chumba hufunguliwa Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa nne na nusu, isipokuwa siku za mvua, siku za mahafali, na siku ambazo mwenye ufunguo ana msiba. Anayetaka kuingia lazima ajaze fomu ya kijani. Fomu ya kijani inapatikana ndani ya chumba 309.

Watu wenye roho mbaya waliwahi kuuliza mtu ataichukuaje fomu kabla ya kuingia. Wizara ya Uwazi iliwajibu kwa upole kwamba swali ni zuri sana, waliandike kwenye fomu ya kijani.

Mwenye ufunguo alikuwa Bwana Sudi Mpalule, mkutubi, mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni. Kwa miaka kumi na tisa alikaa ndani ya chumba kile na juzuu za bajeti, na kwa kuwa hakuna aliyekuja, alizisoma yeye. Alizisoma zote. Akazirudia. Alijua kila kisima cha Bayana, kila choo cha shule na kila kilomita ya lami. Alijua pia kwamba vingi kati ya hivyo vilikuwapo kitabuni tu, lakini hilo halikumkosesha usingizi. Kazi ya mkutubi si kukasirika. Ni kupanga.

Nyuma ya kila kitabu palikuwa na kadi. Anayeazima huandika jina lake kwenye kadi, na kadi hubaki rafuni mahali pa kitabu, ili atakayefuata ajue kimekwenda kwa nani. Kadi za chumba 309 zilikuwa nyeupe pe. Kila Januari Sudi alizitoa zilizoanza kuwa za njano na kuweka mpya, nyeupe vilevile, kisha akazitazama kwa huzuni.

Alikuwa na ndoto moja tu. Siku moja mtu apande ngazi, asimame mbele ya meza yake, aulize. Naye, bila kufungua kitabu, amtajie juzuu na ukurasa. Aliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. "Unatafuta nini, ndugu yangu?" alisema, mara kwa sauti nene, mara kwa sauti laini. Mkewe, aliyekuwa upande wa pili wa mlango, alikuwa akimjibu: "Sabuni."

Daftari la wageni lilikuwa na majina mawili kwa miaka kumi na tisa. Mmoja alikuwa fundi bomba. Wa pili alikuwa akitafuta choo, na aliandika kwenye safu ya maoni kwamba amehudumiwa vizuri.

*

Kisha akaletwa Bi Rehani Kinyogoli.

Alitoka maktaba ya watoto, alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa kuwa chumba 309 hakikuwa na nafasi ya meza ya pili, alipewa meza kwenye korido, nje ya mlango. Hakuwa hata na ufunguo. Wiki ya kwanza aliomba benchi. Wiki ya pili alizitoa fomu za kijani ndani akaziweka mezani kwake, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu uhuru. Wiki ya tatu alichukua boksi la sabuni, akalikata, akaandika kwa wino mwekundu: ULIZA HAPA. HAKUNA SWALI LA KIJINGA.

Kufikia wiki ya sita benchi lilikuwa limejaa. Walikuja wenye migogoro ya viwanja kutafuta ramani, waliokuja kusoma Gazeti la Serikali, wastaafu waliotaka kujua kama bado wako hai kwenye orodha. Walimpita Sudi mlangoni wakimpa salamu ile anayopewa mlinzi wa benki, wakachukua karatasi zao, wakarudi kwenye benchi kuzisoma na Bi Rehani.

Na Bi Rehani hakujua kitu! Hapo ndipo Sudi alipoumia. Mtu akiuliza, yule mwanamke alisema bila aibu, "Sijui, mama. Ngoja tutafute wote." Halafu wanainamia droo za katalogi, vichwa vinagongana, wanacheka, na mwisho mtu anaondoka akimshukuru kana kwamba amemzalia.

"Hajui lolote, halafu anapendwa," Sudi alimwambia mkewe huku ugali ukipoa. "Mimi najua yote!"

"Umewahi kumwambia nani?" mkewe akamuuliza.

Sudi akaisukuma sahani. Alikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo wa kutamani kiatu cha jirani. Ulikuwa wivu unaoketi tumboni na kula kabla ya mwenye tumbo. Aliota vicheko vya korido. Alilichukia benchi. Faraja yake ilikuwa moja: mpaka siku ile hakuna aliyewahi kuomba juzuu za bajeti. Zile kumi na mbili, kwenye kabati la tatu, zilikuwa bado zake.

*

Jumanne moja alipanda ngazi mwanamke aliyebeba viatu vyenye tope ndani ya mfuko wa plastiki. Sudi alimwona kwa mlango uliokuwa wazi, akajiweka sawa kitini, akagusa kalamu zake. Mwanamke akakaa kwenye benchi la Bi Rehani.

"Karibu, dada. Pole na safari," alisema Bi Rehani.

"Nimeshapoa. Mimi ni Mwalimu Nambua Mlacha, nafundisha Mkokozi."

"Unatafuta nini, mwalimu?"

"Daraja."

"Daraja gani?"

"La kwetu. Jumamosi hii Naibu Waziri anakuja kulizindua, eti limekamilika ukarabati mkubwa. Sasa mimi nina miaka kumi na mmoja pale. Mvua zikianza navusha darasa la kwanza mgongoni, mmoja mmoja. Mwaka jana mtoto alinichomoka, nikamdaka kwa kola ya shati. Daraja sijawahi kuliona. Nikamuuliza mtendaji wa kijiji, akaniambia, mwalimu, hulioni kwa sababu huna imani na serikali."

"Makubwa," alisema Bi Rehani.

"Nataka ule ukurasa wa bajeti, wenye muhuri wa maktaba. Nikiwa nao nitausoma Jumamosi mbele ya watu wote, na atakayebisha abishane na muhuri. Bila huo, nikifungua mdomo ni uchochezi. Na mvua ni mwezi ujao."

Ndani ya chumba 309 moyo wa Sudi ulipiga kama mlango uliosahauliwa kwenye upepo. Daraja la Mkokozi! Juzuu ya nne, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Lilijengwa mwaka wa kwanza. Likakarabatiwa mwaka wa pili baada ya kuharibiwa na magari mengi. Mwaka wa tatu likapanuliwa ili malori mawili yapishane. Na lilikuwa na walinzi wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, wasije wezi wakaliiba. Walinzi walikuwa na makoti ya mvua. Alijua mpaka rangi ya makoti.

Akakohoa, ili aulizwe. Hakuulizwa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Kaka Sudi, kuna maji hapa mezani kwangu," alisema Bi Rehani bila kugeuka. "Haya mwalimu, mimi sijui, lakini ngoja tutafute wote."

Wakatafuta. Walipoikuta kadi ya katalogi iliyoandikwa *Bajeti, juzuu kumi na mbili, chumba 309, kabati la tatu*, ilikuwa saa nne na nusu, na Sudi alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo. Sheria ni sheria.

"Usijali," Bi Rehani alimwambia mwalimu. "Njoo Alhamisi saa tatu. Ukurasa utakuwa mkononi mwako."

Mkononi mwako! Maneno yale yalimchoma Sudi kuliko kitu chochote alichowahi kuambiwa yeye mwenyewe. Msomaji wa kwanza wa bajeti kwa miaka kumi na tisa, na jina lake litaandikwa kwenye kadi mbele ya mwanamke aliyetoka juzi kusomea watoto hadithi za sungura.

*

Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kantini, Sudi alifungua kabati la tatu, akazitoa juzuu zote kumi na mbili.

Kila mkutubi anajua kwamba kitabu kikiungua, watu watakiulizia. Lakini kikiwekwa kwenye rafu isiyo yake, kimekwenda, na katalogi itaendelea kuapa kwamba kipo. Maktaba ile ilikuwa na vitabu laki mbili. Juzuu ya kwanza akaiweka kwenye mashairi ya Kirusi. Ya pili, kati ya vitabu vya useremala. Ya tatu, kwenye mafundisho ya ndoa. Juzuu ya nne, ambayo aliipenda kuliko zote, aliipeleka ghorofa ya chini, idara ya mifugo, akaiegemeza kati ya *Magonjwa ya Kuku* na *Kuku wa Mayai*. Nyingine akazisambaza hivyohivyo, na zote kumi na mbili akazishika kichwani.

Hakuwa na nia ya kumkomesha mwalimu. Tena alimhurumia. Mpango wake ulikuwa mzuri kabisa: Alhamisi mwalimu atakuja, Bi Rehani atatafuta, atakosa, atatafuta tena, atatoka jasho. Benchi zima litaona. Hapo Sudi atainuka polepole, atashuka ngazi, atarudi na juzuu ya nne mkononi, na atasema, "Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, mwalimu." Nani atalitazama tena boksi la sabuni?

*

Alhamisi mambo yalikwenda kama alivyopanga, karibu yote. Mwalimu alifika saa tatu kasorobo. Bi Rehani aliingia chumba 309, akafungua kabati la tatu, akatoka amepauka.

"Hazipo," alisema.

"Hazipo vipi?" aliuliza mwalimu. "Kesho kutwa ndiyo uzinduzi!"

"Katalogi inasema zipo. Kabati halijavunjwa. Hakuna aliyeazima. Lakini hazipo." Akatafuta kwenye makabati yote sita. Akapiga magoti akachungulia chini ya meza. Watu wa benchi wakanong'ona. Sudi alionja utamu ambao hakuwahi kuuonja, akashika mikono ya kiti ili ainuke.

Ndipo zikasikika buti ngazini, na mtu akapaza sauti, "Wote simameni!"

Alikuwa Waziri wa Uwazi, Mheshimiwa Domisiani Vumbika, na wasaidizi saba na mpiga picha. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba ghorofa ya tatu ya Chuo Kikuu kuna watu wanaona vitu. Alikuja kujua wameanzaje.

"Nini kinaendelea hapa?" aliuliza.

Mwalimu Nambua, ambaye hakuwa na cha kupoteza, akaeleza. Waziri akasikiliza. Akaomba katalogi, akaisoma. Akaingia chumba 309, akatia kichwa ndani ya kabati la tatu. Alipotoka, macho yake yalikuwa na machozi.

"Ndugu zangu," alisema, na mpiga picha akakaa tayari. "Nimezunguka dunia. Nimekwenda nchi ambazo huchoma nyaraka zao; ni ushamba, moshi unaonekana. Nimekwenda nchi ambazo hufunga ofisi; ni uoga, kufuli linapigwa picha. Lakini hapa! Mlango uko wazi. Fomu zipo. Katalogi ipo. Hakuna aliyemnyima mwananchi kitu, na mwananchi hana kitu! Huu ni uwazi uliokomaa. Wizara yangu imeutafuta kwa mikutano kumi na minne kwenye hoteli za ufukweni. Naomba nijue, ni nani aliyebuni mfumo huu?"

Bi Rehani akapiga hatua mbele, uso chini.

"Mheshimiwa, lawama ni zangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwahidi mwalimu. Tangu nije, vitabu—"

"Usiwe na unyenyekevu, binti!" Waziri akamshika mkono. "Leteni nishani!"

Msaidizi akafungua kasha. Ndani palikuwa na nishani ya shaba yenye utepe wa kijani, na Sudi aliiona ikielekea kwenye gauni la Bi Rehani. Meza ilikuwa yake. Benchi lilikuwa lake. Vicheko vilikuwa vyake. Na sasa hata hili, alilolibeba yeye kwa mikono yake, juzuu kumi na mbili, mgongo ukimuuma!

"Ni mimi!" Sudi alipiga ukelele. "Si yeye! Yeye hajui kitu! Ni mimi niliyeziweka, najua kila moja ilipo!"

Korido nzima ikageuka. Mwalimu Nambua ndiye aliyesogea wa kwanza.

"Baba," alisema taratibu, "kama unajua, basi nionyeshe."

Sudi akafungua kinywa. Lilikuwa swali lake, lile la miaka kumi na tisa, na jibu lilikuwa ulimini. Lakini Waziri alishamvika nishani na kumzungushia mkono begani.

"Mwalimu, mahali vilipo vitabu hivi sasa ni hazina ya taifa," alisema Waziri kwa furaha. "Jaza fomu."

Sudi akafunga kinywa. Jumamosi ile Naibu Waziri alikata utepe kwenye ukingo wa mto wa Mkokozi, akapigiwa makofi, akarudi mjini kwa njia aliyojia, kwa kuwa hakukuwa na ya kwendea mbele.

*

Sudi Mpalule aliteuliwa Mkurugenzi Mkuu wa Upatikanaji. Alipewa gari lenye bendera, dereva, na ofisi yenye zulia. Kazi yake ilikuwa kueneza mfumo nchi nzima, na mfumo ukaenea. Hospitali hazikuona majalada ya wagonjwa, mahakama hazikuona kesi. Wizara ilitaka kumfukuza kazi Bi Rehani, lakini faili lake la ajira halikuonekana. Mfumo ulishafika utumishi.

Ofisi mpya haikuwa na kiti cha mgeni. Hakuna aliyemuuliza Mkurugenzi swali lolote, hata njia ya chooni.

Mwezi wa nne wa ukurugenzi wake Waziri alimwita. Bajeti mpya ilikuwa inaandikwa, na daraja la Mkokozi lilipaswa kujengwa upya kwa sababu limezeeka, lakini wizarani hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho liliandikwa lina urefu gani. "Kaniletee hiyo juzuu," alisema Waziri. "Wewe ndiye ujuaye ilipo."

Sudi akaenda, akamwacha dereva nje. Alikuwa ameikumbuka juzuu ya nne kuliko alivyotegemea. Akaingia idara ya mifugo, akaipata *Magonjwa ya Kuku*, akaipata *Kuku wa Mayai*. Katikati ya vitabu hivyo palikuwa na kadi.

Akaichukua. Haikuwa nyeupe. Juu kabisa palikuwa na jina la Nambua Mlacha, Mkokozi, na muhuri wa tarehe. Chini yake jina jingine, na jingine, na kijiji pembeni ya kila jina, mpaka kadi ya kwanza ikajaa na nyingine ikabanwa kwa pini. Mihuri yote ilikuwa imegongwa sawasawa kwa mkono anaoujua. Sudi alihesabu majina thelathini na moja. Alipaswa kuogopa, maana nchi nzima ilikuwa ikiendeshwa na siri hii moja, na siri ilikuwa imetoboka. Hakuogopa. Aliona wivu, wivu mkali mpaka macho yakamwasha. Wasomaji thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake.

Akapanda ghorofa ya tatu akitweta. Boksi la sabuni lilikuwepo. Mabenchi yalikuwa mawili.

"Shikamoo, Mkurugenzi," alisema Bi Rehani.

"Umeipataje?"

"Nilianzia rafu ya mlangoni, kitabu kimoja kimoja. Mwalimu alikuja kila Jumamosi. Wengine nao wakaja kusaidia. Miezi mitatu sasa." Akapiga muhuri karatasi ya mtu, akaendelea bila hasira. "Ulificha vizuri, kaka. Mwalimu ameubandika ule ukurasa, nakala yake yenye muhuri, ukingoni mwa mto, pale daraja linapoanzia. Kila anayevua viatu anausoma. Wakubwa wameuita uchochezi, lakini muhuri ni wa serikali. Juzi wameletewa nguzo mbili za daraja. Mpaka sasa tumezipata juzuu tano. Saba bado."

"Naitaka ya nne."

"Imeazimwa. Kaa kwenye benchi, kaka. Mbele yako wapo watatu."

Sudi akatazama. Hakuna aliyempisha. Akavua nishani, akaitia mfukoni pamoja na kalamu zake, akakaa pembeni kabisa, ambapo ubao ulikuwa umechanika na kubana paja.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaitwa mezani. "Unatafuta nini, mama?" aliuliza Bi Rehani, kwa sauti ile, ileile ambayo Sudi aliitafuta miaka yote kwenye kioo cha bafuni bila kuipata.

"Kisima," alisema mama. "Cha Mnyengele. Wanasema tunacho."

"Sijui, mama. Ngoja tutafute—"

"Juzuu ya saba," alisema Sudi. "Ukurasa wa tisini na sita, mstari wa tatu kutoka chini. Iko kwenye sheria za mpira wa wavu, ghorofa ya pili, rafu ya dirishani."

Mama akageuka na kumtazama yeye, Sudi, moja kwa moja usoni. Bi Rehani alitoa karatasi safi, akachukua kalamu.

"Sema tena, kaka," alisema. "Na zile nyingine sita."

Akasema, polepole, kama alivyofanya mazoezi. Chini barabarani dereva wake alikuwa akipiga honi.